Samadi mbichi ni ugonjwa, iliyoiva ni dawa: Somo la bustani kutoka Ikungi

Na Mwandishi Wetu, Ikungi



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia maradhi na tiba zake. Leo, Inshaallah, tutazungumzia jambo linalotangulia maradhi, nalo ni mboga inayoingia katika sufuria yako kila siku. Imeoteshwa wapi? Kwa mbolea gani? Imemwagiliwa maji gani? Wengi wetu hatuulizi. Na wale wachache tunaouliza, mara nyingi tunauliza swali moja tu, kwamba je, imepuliziwa dawa? Tukijibiwa kuwa haikupuliziwa, tunaridhika na kusema hiyo ni mboga ya asili, basi ni salama. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na ndilo linalonisukuma kuandika makala hii.

Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Singida Vijijini. Ni nchi ya alizeti, mtama, uwele, vitunguu na kuku wa kienyeji. Mvua yake ni ya msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika mwezi wa Aprili au Mei. Katika miezi ya mvua hakuna shida ya mboga. Mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga hujaa kila mahali. Lakini kiangazi kikiingia, mboga mbichi huadimika, na familia nyingi hubaki na mlenda mkavu au kununua sokoni mboga zilizolimwa kwa umwagiliaji.

Mboga hizo za sokoni wapo wanaozilima kwa uangalifu mkubwa. Lakini wapo pia wanaopulizia dawa ya wadudu leo na kuvuna kesho, ilhali kibandiko cha dawa kinataka kusubiri siku kadhaa. Kwa kuhofia hilo, niliamua kulima mwenyewe uani.

Kosa langu

Nilichimba matuta manne, nikaomba kinyesi cha ng'ombe kwenye zizi la jirani, nikakimwaga kikiwa kibichi kabisa, nikapanda nyanya, mchicha na giligilani. Nyingine zilikauka zikiwa miche, lakini zilizobaki zilistawi vizuri. Nilijisifu mbele ya watu kwamba sikutia dawa hata tone moja. Tukawa tunakatia kachumbari kwa nyanya na giligilani zetu wenyewe, tena kwa kuzisuuza harakaharaka tu, maana "si za nyumbani hizi?"

Haikupita wiki mbili mtoto wetu wa miaka mitatu akaanza kuharisha. Tulimpa maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na tukamkimbiza kituo cha afya. Alhamdulillah, alipona. Lakini mhudumu aliyempokea alituuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyumbani mnakula nini kibichi?" Nilipomweleza habari ya bustani yangu, akatikisa kichwa.

Siwezi kuapa kwamba ni zile nyanya. Lakini tangu siku hiyo nilijua kuwa kuna jambo sikulijua.

Nilikwenda kwa mama mmoja, mkulima mdogo anayeuza mboga kwa majirani mwaka mzima bila kutumia dawa za dukani wala mbolea za chumvichumvi. Ameomba jina lake lisiandikwe, nami nimeheshimu ombi lake. Baada ya shikamoo na marahaba nikamsimulia yaliyonipata. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe hukuwalisha nyanya. Umewalisha zizi."

Akaniambia nije asubuhi na jembe langu. Niliyojifunza kwake kwa miezi kadhaa, pamoja na yale ambayo wataalamu wa afya na kilimo wanayathibitisha, ndiyo ninayokuletea hapa.

Kwa nini tujisumbue?

Huenda ukauliza, kwa nini tujisumbue na bustani wakati mboga zipo sokoni? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mbogamboga kwa siku. Familia inayonunua fungu moja dogo na kuligawa kwa watu sita au saba haifiki hapo.

Matokeo yake yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa nchini Tanzania asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ni asilimia 59, yaani zaidi ya nusu. Upungufu wa damu una sababu nyingi, zikiwemo malaria na minyoo, lakini lishe duni ni mojawapo kubwa. Mama mjamzito asiye na damu ya kutosha yumo hatarini siku ya kujifungua. Kwa hiyo tuta la mchicha uani si pambo la nyumba.

Somo la kwanza: Iivishe samadi

Kinyesi kibichi cha ng'ombe, mbuzi au kuku hubeba vijidudu vinavyosababisha kuharisha. Vilevile huunguza mizizi ya miche na huleta mbegu za magugu. Cha kuku ndicho kikali zaidi, na hapa kwetu Singida kuku hawakosekani uani. Kwa hiyo samadi haiendi bustanini ikiwa mbichi. Inapitia kwanza kwenye lundo la mboji.

Namna ya kutengeneza mboji aliyonifundisha mama huyu ni hii:

1. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na jiko. Tandika chini mabua ya mtama au ya alizeti ili hewa ipite.

2. Weka tabaka la majani makavu, kisha tabaka la majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha tabaka la samadi, kisha nyunyizia udongo kidogo na majivu kidogo. Mwagia maji kila tabaka.

3. Rudia mpaka lundo lifike kimo cha kiuno au kifua. Lundo dogo sana halipati joto.

4. Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati ya lundo, kisha funika lundo kwa nyasi au gunia.

5. Baada ya siku chache chomoa fimbo uishike. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi, lundo limelala. Ligeuze na uongeze samadi au majani mabichi.

6. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi miwili hadi mitatu mboji huwa nyeusi, laini, na hunuka kama udongo wa mvua ya kwanza.

Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto chako. Lundo likipata joto la nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa, na kila sehemu yake ikapita katika joto hilo, vijidudu vingi na mayai ya minyoo hufa. Ndiyo sababu ya kuligeuza.

Na kama huna nafasi ya kutengeneza mboji? Basi ichanganye samadi na udongo mapema kabla ya kupanda. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo mpaka kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyogusa. Kwa kifupi, hesabu miezi minne.

Viko vinyesi visivyofaa kabisa bustanini mwa nyumbani. Cha kwanza ni cha binadamu, kwani mayai ya minyoo aina ya askari yanaweza kukaa hai ardhini kwa miaka. Vingine ni vya mbwa na paka. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kinachomdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito avae glavu anaposhika udongo na anawe vizuri baadaye.

Hapa wengine huuliza kuhusu tahara. Je, mboga iliyooteshwa kwa samadi inafaa kuliwa? Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, wanasema kinyesi cha mnyama ni najisi, lakini mmea uliootea humo si najisi. Kinachotakiwa ni kuosha kilichoguswa kwa nje. Tazama jinsi hukumu hiyo inavyokwenda sambamba na ushauri wa daktari.

Somo la pili: Maji ya udhu yasipotee

Kikwazo kikubwa cha bustani Ikungi ni maji. Mama huyu hana bomba la kumwagilia wala pampu. Anachofanya ni kutoacha maji ya nyumbani yapotee.

Hebu tupige hesabu. Nyumba ya watu sita wanaotawadha mara tano kwa siku ina udhu 30. Kila mmoja akitumia lita moja na nusu, hayo ni lita 45 kila siku. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita tatu huhitaji takribani lita 15 kwa siku katika kiangazi. Kwa hiyo maji ya udhu pekee yanatosha matuta matatu. Na hakuna haja ya kutawadha kwa maji mengi ili bustani ishibe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu, yaani mudi, ambayo ni takribani robo tatu ya lita.

Anachofanya mama huyu ni kuwatawadhisha watu wa nyumbani juu ya beseni, au mahali palipochimbiwa mfereji mdogo unaoelekea kwenye tuta. Maji hayo ni tohara, na kuyamwagia mboga hakuna ubaya wowote. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo huenda bustanini.

Maji ya kufulia yana masharti. Yasiwe na dawa ya kutakatisha nguo, yasiwe ya nepi za mtoto, na yamwagwe kwenye udongo wa miti kama mpapai, si juu ya majani ya mboga. Maji ya chooni hayaingii bustanini kabisa.

Somo la tatu: Tuta la kuzama na matandazo

Mimi nilikuwa nimeinua matuta juu kama nilivyoona katika picha za nchi zenye mvua nyingi. Mama alicheka. Huku kwenye ukame tuta linazamishwa. Chimba na utifue udongo kwa kina cha sentimita 45 hadi 60, changanya debe mbili za mboji iliyoiva kwa kila mita moja ya mraba, kisha acha uso wa tuta uwe chini ya ardhi kwa kiganja kimoja, na kingo zikiwa zimeinuka. Maji yote hubaki ndani.

Kisha funika udongo kwa matandazo, yaani nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa au maganda ya alizeti. Matandazo huzuia jua lisinyonye maji, hupunguza magugu, na jambo ambalo sikulifikiria, huzuia matone ya maji yasirushe udongo kwenye majani na matunda. Nyanya isiyogusa udongo ni nyanya safi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo mwagilia shinani, si juu ya majani, na nyanya zifungie vijiti.

Asiye na ua anaweza kutumia gunia. Changanya udongo debe mbili na mboji debe moja, weka safu ya mawe katikati kuanzia chini mpaka juu ili maji yashuke, kisha toboa matundu ubavuni na upande sukuma wiki, mchicha au mnafu. Gunia moja huchukua mashina mengi, na maji yake ni ndoo ndogo tu.

Anza na vinavyokomaa haraka na visivyo na usumbufu: mchicha, ambao huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, kisha kunde, matembele, mnafu, mgagani na bamia. Nyanya ziache mpaka mkono uzoee. Ukifika huko, mbegu kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tanzania mwaka 1997, si chotara. Unaweza kujiwekea mbegu kutoka kwenye tunda bora na kupanda tena.

Somo la nne: Wadudu

Usingoje wadudu wajae. Mama huyu hupita bustanini kila baada ya swala ya alfajiri kukipambazuka, akigeuza majani. Vidukari huwasugua kwa vidole au huwanyunyizia maji yenye sabuni ya kipande kidogo. Sota wanaokata miche usiku huwafukua shinani. Habandiki nyanya mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au mnafu, kwa sababu mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja.

Adui mkubwa wa nyanya ni yule mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, asili yake ikiwa Amerika ya Kusini. Huchora michirizi ndani ya majani na kutoboa matunda. Majani yenye michirizi yachume mapema na uyachome moto.

Dawa yake kuu ni mwarobaini. Twanga kilo moja ya majani mabichi, loweka katika lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike, kisha nyunyizia jioni, maana jua huiharibu. Rudia kila wiki.

Lakini tahadhari, msomaji. Dawa kuwa ya asili haina maana kuwa haina madhara. Wako wanaochemsha tumbaku na kupulizia mboga. Nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na tumbaku inaweza kupeleka ugonjwa wa virusi kwenye nyanya. Wako wanaotumia utupa, mmea uleule unaotumiwa kuua samaki. Viache. Hata mwarobaini, weka mbali na watoto, usihifadhi katika chupa ya soda, na mboga ikae siku mbili tatu kabla ya kuchumwa, kisha ioshwe.

Na ikikulazimu kutumia dawa ya dukani, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kopo lake tupu lisigeuzwe chombo cha maji wala mafuta ya kula.

Somo la tano: Kutoka tutani hadi mezani

Bustani safi inaweza kuharibiwa jikoni. Fuata haya:

* Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kushika udongo au samadi, na kabla ya kushika chakula. Jembe na ndoo ya samadi visiingie jikoni.

* Osha mboga kabla ya kukatakata, si baada, ili vitamini zisitoke na maji. Osha jani moja moja, badilisha maji mara mbili au tatu. Usitumie sabuni ya unga.

* Kitakacholiwa kibichi kioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kwa mtoto mdogo, afadhali mboga ipikwe.

* Pika kwa muda mfupi na utie mafuta kidogo. Vitamini A ya kwenye mboga za kijani huhitaji mafuta ili mwili uichukue, na sisi wa Singida mafuta ya alizeti tunayo.

* Kamulia ndimu kwenye mboga, kwani vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula; isubiri saa moja hivi, kwa sababu huzuia madini hayo.

* Ukikausha mlenda na majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi, kaushia kivulini penye upepo, juu ya chekeche au mkeka safi ulioinuliwa, na ufunike kwa kitambaa chepesi. Jua kali huangamiza vitamini A, na chini kuna vumbi na kuku.

Hatua ya mwisho

Wapo wanaodhani kilimo cha aina hii ni cha wazee waliokosa fedha za pembejeo. Sivyo. Jumuiya ya wadau wa kilimo hai nchini, TOAM, ipo tangu mwaka 2005. Afrika Mashariki ilipitisha viwango vyake vya mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na mwaka 2023 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai. Kwa hiyo muone afisa ugani wa kata yako. Na kabla ya hapo, muone jirani yako ambaye bustani yake haikauki kiangazi. Mimi sikuhitaji kwenda mbali.

Sasa ni kiangazi cha pili tangu mtoto wetu augue. Matuta yangu ni matatu, si manne, kwa sababu ndiyo maji ya udhu yanayoyatosha. Lundo la mboji liko nyuma ya mwarobaini na fimbo yake imechomekwa. Juzi mwanangu yuleyule aliichomoa, akaishika, akakimbia kuniambia: "Baba, ni ya moto!" Nikamwambia aende kunawa mikono kwanza, ndipo aje anisimulie.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi mboga zikizidi, mpelekee jirani fungu. Lakini hakikisha kwanza ni safi, usije ukampelekea zizi.

Wabillahi tawfiiq.